Rudia Nilichosema

Vijana, siku yangu ya kwanza kwenye fonia, ile redio ya kuita vituo vya mbali, hata kiti sikupewa. Mkuu wa fonia hapa Kisangani alikuwa mkali. "Mama, ukipokea ujumbe, usijibu 'ndiyo'. Mutu anasema 'ndiyo' hata kama hajasikia kitu. Rudia maneno yake yote. Akisema 'ni yenyewe', donc, basi, umepokea."

Niliishika sheria hiyo kwenye kituo cha Isangi, kisha cha Ubundu, nikipokea habari za mashua na majina ya waliopanda. Huko Ubundu hofu ikanivaa. Jina moja nilitaka lirudiwe mara tano. Jasho linanitoka, roho inakimbia. Chef de poste, mkuu wa kituo, akachoka. "Mama Béa, hii kazi inakushinda. Enda ujitunze. Ukirudi vilevile, ninaweka mutu mwingine."

Haki ya Mungu, niliumia. Kazi hiyo niliipenda.

Kwa kuwa nilisema roho inakimbia, hospitalini Kisangani walinipima moyo. Mzima kabisa! Daktari akanituma kwa mshauri wa mambo ya akili, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Nikajiambia, huyu ataniambia nisali nilale. Nikamwaga yote kwa hasira: mashua, majina, na siku nitakayosikia jina vibaya, mashua izame, watu watafutwe mahali wasipo.

Akaniambia, "Mama, sikiliza kama nimesikia muzuri. Unaogopa kukosea jina, mutu apotee juu yako. Na hii woga unaibeba peke yako. Ni vile?"

Nililia kama mtoto. Miaka yote nimerudia maneno ya watu, yangu hakuna aliyewahi kuyarudia. "Ni yenyewe," nikamwambia.

Nilikwenda kwake kila wiki. Alinifundisha kupumua polepole kabla ya kushika maikrofoni, na kutaka jina lirudiwe mara moja tu, basi. Niliporudi Ubundu nilimwambia chef, "Nipe mwezi, unitazame." Alinitazama kweli, hakubanduka! Nikabaki hapo hadi pensheni.

Vijana, nisiwadanganye, hofu haijaisha. Jana ilinishika sokoni, nikampigia simu Clarisse, niliyemfundisha fonia mimi mwenyewe.

"Clarisse, roho inakimbia."

Hakuniambia pole, wala nijikaze.

"Nimepokea, Mama Béa. Roho inakimbia."

"Ni yenyewe," nikajibu, nikavuta kiti cha muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo, nikakaa nipumue.