Kitanda cha Hausigeli

Juzi, katika duka la jumla la nguo mtaa wa Zhanqian Road, huku Uchina, mfanyabiashara mwenzetu wa Njombe alitandaza ramani ya nyumba anayojenga kwao juu ya marobota ya majaketi.

“Hiki chumba cha nyuma, dada, hakiwashwi moto. Tutafulia humo na kuweka viazi. Hausigeli atalala humo humo.”

“Na baridi ya Juni, kaka?”

“Atazoea.”

Mama wa Kichina mwenye duka aligusa kitanda kilichochorwa, akaniuliza kwa ishara. Nilimwonyesha kimo cha binti wa kazi, nikajikunyata nikitetemeka. Akachukua kalamu, akakikata kitanda kwa mstari, akakichora upya ubavuni mwa jiko.

Mwenzetu alikohoa. “Haya, mama. Viazi vilale vyenyewe.”

Wasomaji, binti yule hatajua kamwe nani alimsogeza karibu na moto.