Nyama ya Kuonja

Juzi rafiki yangu alinipeleka hoteli ya Kihispania jijini Nairobi. Zikaja sahani sita ndogo: vipande vitatu vya nyama, zeituni tisa. Nilihesabu mara mbili, kisha nikangoja chakula chenyewe.

"Madam," mhudumu akasema, "hicho ndicho chakula."

Nikaikumbuka Nunguni ya utotoni, siku ya soko, baba aliponiahidi nyama choma. Bucha ya kwanza ilinukia mafuta na moshi. Mwenye bucha akatukatia vipande viwili juu ya ubao. "Onja, mzee." Baba akanusa chake, akanipa mimi vyote. Nikasema ni tamu. Yeye akasema ni ngumu, tukaondoka. Ikawa hivyo bucha ya pili, na ya tatu. Nilidhani watu wazima huchagua nyama kwa makini, nikazidi kuacha nafasi tumboni. Sasa najua mfuko wake ulikuwa mtupu.

Nyumbani mama akauliza, "Mumbe, umekula nyama?"

"Bado," nikajibu kwa hasira. "Tulikuwa tunaonja tu."

Baba akageuka mlangoni. "Bado? Vipande sita, Mumbe! Mimi ndiye niliyeonja, tena moshi."