Pilau Nililotaka Kuliponya kwa Moto

Siku niliyofika Sekenke naikumbuka mpaka leo, mwanangu, kwa sababu nilifika nimekaa juu ya madumu ya mafuta ya alizeti. Nilikuwa nimetoka Songea na begi moja. Basi la kwanza lilinifikisha Iringa. La pili likaharibika kabla ya Dodoma, tukalisukuma wanaume wote, hata padri mmoja aliyekuwa amevaa kanzu nyeupe. Singida mjini nauli ikaniishia. Nikamwomba dereva wa lori anibebe, akasema, "Panda nyuma, shika kamba, na ukianguka sikujui." Tulipoanza kuteremka mlima nikaliona bonde lote chini yangu, kavu, limejaa jua, nikacheka peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimesikia kwamba huko chini kuna dhahabu.

Tangu hapo nimeishi mikoa mingi. Miguu yangu haijui kutulia, na mke wangu ameshaacha kunipigia kelele. Lakini nikisikia lori kubwa likipiga breki mlimani, bado moyo unaniruka.

Nikapanga chumba kwa Mama Hadija, mama wa Kinyiramba aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Alikuwa mfupi, mnene, na ulimi wake ulikuwa hauna likizo. Wiki ya kwanza aliniita "mgeni". Wiki ya tatu akaanza kuniita "mwanangu", na kunifokea kama mwanawe kweli.

Kazi yetu ilikuwa hivi: tunashuka shimoni, tunatoa mawe, tunayasaga, tunaosha unga wake kwa maji na zebaki, halafu kile kidonge kinachobaki tunakichoma. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki ikiwaka njano. Ukiona jambo hilo kila wiki linakuingia kichwani. Sisi vijana wa mgodini tuliamini kwamba moto unasafisha kila kitu. Shati likinuka, lianike karibu na moto. Maji yakiwa na tope, yachemshe na tope lake. Mboga ikichacha, irudishe jikoni. Tulicheka na kusema hakuna uchafu unaoweza kubishana na moto.

Mwaka wa pili nikampenda Ester, binti wa Mzee Msengi, mkulima wa mtama na alizeti. Ester naye akanipenda, ila baba yake hakutaka kusikia. Alisema, "Huyo mchimbaji hana kwao. Leo yuko shimoni, kesho yuko kwenye lori. Nikimpa binti, nikimtafuta nitamtafutia wapi?" Mwishowe, kwa machozi ya Ester, akakubali jambo moja tu: Jumapili baada ya ibada atakuja na dada yake kuniona ninavyoishi. Wakiridhika tutaongea. Wasiporidhika nisimfuate tena binti yao hata kisimani.

Mama Hadija akasema, "Nitakupikia mimi, Jumapili asubuhi." Mimi nikakataa. Nilitaka nipike mwenyewe waone kwamba ninajiweza. Jumamosi Mama Hadija alikwenda msibani Shelui na akalala huko. Nikaazima sufuria lake kubwa, nikapika pilau la nyama kuanzia saa sita mchana, ili kesho yake nisihangaike ila kuoga na kupiga pasi shati. Likatoka zuri, mwanangu, harufu yake iliwaita mpaka majirani. Nikalifunika, nikalizungushia blanketi langu lisipoe, nikaliacha ndani ya chumba cha bati. Na joto la bonde lile unalijua, au kama hulijui, muulize aliyewahi kushika bati la huko saa tisa.

Asubuhi nikafunua. Wali ulikuwa na utelezi, mvuke wake una uchachu. Nikashtuka, lakini kidogo tu. Nikakumbuka moto. Nikakoka kuni za kutosha, nikakaanga vitunguu vingine, nikatia pilipili manga, nikakamua ndimu mbili, nikalipika tena pilau lile mpaka likafuka moshi. Ule uchachu ukapotea kabisa. Nikaonja. Tamu!

Mama Hadija akaingia wakati huo huo, bado ana kanga za msibani. Akainama juu ya sufuria, akanitazama.

"Hili ulipika lini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza ulipika lini."

"Jana mchana. Lilichacha kidogo, nimelichemsha vizuri. Limepona."

"Limepona? Lilikuwa linaumwa?"

"Mama, moto umelisafisha. Mbona dhahabu tunaichoma na inatoka safi?"

"Ile zebaki ukiichoma inapaa, na wajinga nyie mnaivuta. Huu uchafu wa pilau unapaa kwenda wapi? Sikiliza, mwanangu. Wadudu wameingia humu tangu jana, wamekula, wamekunya humo humo. Umewaua kwa moto, sawa. Mavi yao umeyapika na ndimu."

"Lakini halinuki tena!"

"Hiyo ni kazi ya vitunguu. Bwana afya aliniambia, na kabla ya bwana afya niliambiwa na tumbo langu mwenyewe. Kuna sumu ambayo ukiichemsha mpaka jioni haiondoki."

Ningenyamaza hapo, ningekuwa mtu mwenye akili. Badala yake nikachota sahani iliyojaa, nikala mbele yake mpaka punje ya mwisho, nikajipiga kifua. "Unaniona? Mzima!"

Mama Hadija akabeba sufuria lile hadi nyuma ya nyumba, akachimba shimo, akamwaga pilau lote na kulifukia, mbwa wala kuku wasiliguse. Nilikaribia kulia. Kisha akamkamata jogoo wake mwenyewe, akamchinjisha, akasonga ugali wa mtama na kupika mlenda.

Wageni wakafika saa saba. Nikawaamkia kwa heshima zote, tukakaa. Mzee Msengi akaweka kofia gotini.

"Kijana, kwenu Songea?"

"Ndiyo, mzee."

"Kutoka Songea mpaka hapa, unatafuta nini?"

Nikafungua mdomo nijibu, na tumbo likanijibia. Nikainuka, nikatoka mbio. Kurudi, jasho linanitoka, mzee akauliza tena, "Wazazi wako wanajua uko hapa?" Nikatoka mbio mara ya pili. Mara hii nilitapika kabla sijafika chooni, na dirisha lilikuwa wazi.

Shangazi yake Ester alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kuchungulia. Nikamsikia akisema, "Kaka, huyu kila akiulizwa swali anakimbia. Siku mtoto wetu akimuuliza unga uko wapi, si atakimbilia Songea?"

Mama Hadija akaniokoa, au alidhani ananiokoa. "Ana malaria, mtoto huyu. Tangu juzi."

Mzee Msengi akachukua kofia yake. Nikajua safari yangu na Ester inaishia pale. Nikasimama mlangoni nimeshika fremu, nikasema, "Mzee, shikamoo tena. Sina malaria. Nilipika pilau jana kwa ajili yenu, likachacha, nikalichemsha nikaamini limekuwa jema. Mama alinikataza. Nikala kwa ubishi. Angeniachia, mngekuwa mnakimbia pamoja nami."

Shangazi akaguna, ule mguno ukageuka kicheko, akapiga mapaja. "Kumbe alitaka kutumaliza ukoo mzima kwa pilau!" Mzee alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akatoa leso. Nami nikacheka, nikatoka mbio mara ya tatu.

Niliporudi alikuwa amerudisha kofia gotini. Akamuuliza Mama Hadija, "Jogoo huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na ukimkataza huyu kijana, unamkataza kama nani?"

"Kama mama yake. Unataka nikuonyeshe cheti?"

Mzee akamega ugali. "Basi nimekosea," akasema. "Ana kwao. Nikimkosa nitakuja kukudai wewe." Na hapo ndipo nilipopata mke, mwanangu, nikiwa nimejikunja kwenye mkeka, nanyweshwa maji ya sukari na chumvi kwa kijiko. Mama Hadija akaniambia ikifika jioni hata maji hayakai tumboni, au nikiona damu, ananipeleka zahanati kwa mkokoteni. Hayakufika huko. Kesho yake nilikula uji.

Nakuambia haya wewe unayejipikia kwenye chumba cha kupanga, kwa kuwa najua unavyofanya. Chakula kilichochacha hakiponi kwa kuchemshwa. Moto unaua vijidudu vingi, lakini sumu nyingine walizokwisha kuziacha hazisikii moto, na viungo vinakufichia tu harufu. Tena chakula kingine huharibika bila kunuka kabisa. Pakiti ya maziwa iliyopitwa na tarehe yake haipewi tarehe mpya na jiko lako. Pika cha kutosha. Kikibaki, usikifunikie joto wala kukiacha nje saa nyingi. Kipoze upesi, weka kwenye jokofu kama lipo, na kesho kipashe mpaka katikati kiwe moto, mara moja tu. Huna jokofu? Gawa kwa jirani kingali kizuri. Ukikitilia shaka, kifukie. Uchungu wa kumwaga chakula ni wa dakika tano tu.

Tuliondoka Sekenke moja kwa moja asubuhi ya kiangazi, mimi na Ester, na mtoto mgongoni kwake. Mzee Msengi alitupakilia gunia la mtama kwenye basi, akazunguka upande wa pili ili tusimwone anafuta macho. Mama Hadija hakujificha. Alilia kwa sauti huku akinifokea kwamba nimefunga begi vibaya. Kisha akaweka mkono wake kichwani mwangu, pale barabarani, mbele ya abiria wote, akaniombea. Sikurudi kuishi tena.

Nami nakuombea wewe, mwanangu. Mungu akujalie jiko lisilozimika, tumbo lenye amani, na watu wengi wa kula nawe hata sufuria isibakize kitu. Na popote miguu itakapokupeleka, akupe huko mama wa kukukataza.