Amplifaya Nyuma ya Kiti

Nacheka nikiandika haya, lakini siku ile sikucheka, na kuna kona moja kule Kilungu ambayo hadi leo nikiipita nainamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Mimi si mtu wa maneno. Mbele ya wazee ulimi wangu hulala, na ndiyo maana nilipoambiwa tunapeleka ntheo kwa kina Mumbua, mchumba wangu (ntheo ni wale mbuzi wa kwanza, ambao baba ya msichana akiwapokea basi msichana ni wako), niliamua, kwa hizi akili zangu za kuokota, kwamba muziki utanisemea. Nikaingiza pikapu yangu kwa fundi huko mjini Wote. Pikapu yenyewe ni ndogo, ya kubeba maembe na magunia ya ndengu, mkikaa wawili magoti yanagusa dashibodi, sasa amplifaya ikae wapi? Chini ya kiti haikuingia. Juu ya dashibodi ilinizuia kuona barabara. Fundi akasukuma kiti mbele, akaona jeki imelala kule nyuma.

"Hii chuma ni ya nini?"

"Ya pancha."

"Bosi, mara ya mwisho kupata pancha ilikuwa lini?"

Sikukumbuka. Jeki ikatoka, amplifaya ikaingia kama iliyozaliwa pale, na mimi mjinga nikafurahi, jeki nikaipeleka nyumbani ikazuie mlango wa banda la kuku.

Siku ya ntheo Mjomba Mutinda, ambaye ndiye msemaji wetu, alikaa kando yangu na koti lake la kanisa, mbuzi nyuma, mimi nimefungulia nyimbo za injili mpaka vioo vinatetemeka.

"Punguza, tunaenda kuposa, si kuomba kura."

Sikupunguza. Kina Mumbua walitusikia tukiwa bado chini ya kilima, wakatoka wote, wakajipanga langoni na leso zao, vigelegele vikaanza. Na hapo hapo, kwenye kona ya mwisho, macho yote yakiwa kwangu, gurudumu la nyuma likafanya pfuuu.

Spea ilikuwepo. Spana ilikuwepo. Mjomba akanitazama, mimi nikatazama viatu vyangu.

Baba yake Mumbua, ambaye aliendesha lori maisha yake yote, aliteremka mwenyewe (mzee ambaye alipaswa kuwa kwenye kiti akitungoja!), akavua koti, akasukuma kiti changu mbele bila kuniuliza. Akakuta taa ya buluu ya amplifaya inawaka.

"Hii ni jeki ya kuinua nini?"

"Sauti, mzee."

"Basi ongeza sauti, tuone kama gari itainuka."

Vigelegele viligeuka kicheko. Wanaume wa boma lile wakashika pikapu kwa mikono, suti na vumbi, lakini ilikuwa nzito, ikabidi mbuzi washushwe kwanza, na mbuzi hawakungoja msemaji, walipanda moja kwa moja hadi kwenye kunde za mama mkwe. Shangazi yake Mumbua akapaza sauti kutoka juu, "Mbuzi zimejileta zenyewe! Nyinyi mnakuja kufanya nini?" Mumbua akajifunika uso na leso. Sikujua kama analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza.

Tulilishwa, hilo siwezi kukana. Lakini mjomba alipotaka kukabidhi mbuzi, mzee akatikisa kichwa.

"Hizi zitalala hapa kama wageni tu. Huyu kijana ametoa jeki akaweka kelele. Kesho akikosa nafasi ya kelele nyingine atamtoa nani? Mtoto wangu?"

Mjomba, mdomo hodari wa ukoo mzima, akanigeukia mimi. Mimi! Nikasimama, nikasema, "Nitaileta jeki," nikakaa.

Asubuhi yake nilipanda kile kilima kimya kimya, jeki imeketi pale alipokuwa ameketi mjomba. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa mgongo kama mtu anayenunua mbuzi sokoni.

"Sasa hii ndiyo ntheo," akasema.

Tangu hapo nimeapa, kitu cha kuniokoa njiani sitakitoa tena ili kupisha kitu cha kunisifu. Amplifaya ndiyo inazuia mlango wa banda siku hizi, kuku hawajalalamika. Naye Mumbua, mke wangu, hapandi pikapu ile kabla ya kusukuma kiti mbele na kuchungulia.