Chachu ya Bi Alawiya

Bi Alawiya wa Kibokoni alikuwa fundi wa mkate wa kumimina, ule wa mchele, na chachu yake aliirithi kwa mamake. Kila akioka hubakisha kidogo mtungini, akailisha unga wa mchele na sukari. Mwaka ule homa ilimlaza kitandani muda mrefu, na hakuna aliyeukumbuka mtungi. Aliponyanyuka, arusi ya Badria, binti wa nduguye, ilikuwa imekaribia, na chachu imelala chini kama tope, haitoi povu.

"Imekufa," alimwambia Jacinta, msichana wa Kisauni aliyefanya kazi kwa daktari wa kike na ndiye aliyekuwa akimletea dawa. "Ya mama yangu, imenifia mimi."

Jacinta akaunusa mtungi. "Usiimwage kwanza, Bi Alawiya. Twende nayo kwa daktari tukaitazame."

Daktari aliwaruhusu watumie hadubini, naye akaendelea na wagonjwa wake. Jacinta akadondosha tone la chachu juu ya kioo. Bi Alawiya akafunua uso, akafumba jicho moja, akainama. Akaona chembe za mviringo, nyingi, zimetulia tuli.

"Hizo ndizo chachu yenyewe," Jacinta akasema. "Kila moja ina uhai wake. Chakula kikiisha huacha kuzaana, zikatulia zikangoja."

Wakatia sukari na maji ya uvuguvugu mtungini, wakauweka kando ya jiko. Wakakaa chumba cha nyuma wakinywa kahawa na kuzungumza habari za arusi. Baada ya sala ya adhuhuri wakatazama tone jingine.

"Hii imeota kinundu," alisema Bi Alawiya. Akatazama tena, na tena. Kinundu kilikuwa kikivimba. "Nambia, mwanangu, yafanyani?"

"Yazaa. Kwanza hunenepa, kisha kiini chake cha ndani hujifanya viwili, kimoja kikaingia kwa mtoto. Mtoto akishapata chake na akakua vya kutosha, huachana, kila mmoja akaanza maisha yake."

"Na asipokua?"

"Basi mama haachani naye, humngoja."

Bi Alawiya akacheka mpaka mgonjwa aliyekuwa mlangoni akageuka. "Mimi wanangu wote nimewazaa kwa uchungu, na huyu yuwazaa amekaa kimya hivi." Hakutaka kuondoka. Jacinta alilazimika kumkumbusha kwamba mchele wa mikate ya arusi haujarowekwa.

Asubuhi ya arusi rojo lilifura, likamwagika hadi sakafuni, na mikate ikatoka minene, myepesi, yenye harufu ya iliki. Bi Alawiya aliwahadithia wanawake wote aliyoyaona. Wengine waliamini, wengine walinong'ona kwamba homa bado haijamtoka kichwani. Hakujali. Alimkatia Jacinta kipande kikubwa kuliko vyote, akamketisha karibu na bibi arusi, akamgombeza kwa kula polepole.