Kitufe Kisichobonyezwa

Majirani walimwita Mama Nyaya, na si kwa heshima. Mwanamke mzima, fundi cherehani, badala ya kununua nguo kama wenzake ananunua betri, vichipu na vitabu vya kuunda vidude vya umeme! Walisema ana wazimu kidogo. Redio zao zikizimika, wazimu ulisahaulika, wakabisha hodi.

Wazimu hakuwa nao. Alikuwa amechoka tu. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yupo, kesho hayupo, na watoto walishaanza maisha yao. Nyumbani walibaki wawili: yeye sebuleni akishona sare za shule kutwa nzima, na mama mkwe wake chumba cha nyuma, amepooza miguu, sauti imebaki ya kinda. Cherehani kikianza kunguruma, hata aite vipi aletewe beseni la haja, hasikiki.

Basi mama akawa anakutwa amelowa mkojo. Mgongoni kikaanza kidonda. Muuguzi aliyekuja kukisafisha hakuzunguka mbuyu. "Akiendelea kulala kwenye unyevu, kidonda kitaingia ndani. Mtamlaza hospitali, na kwa umri wake, dada yangu, sikufichi, huenda asirudi."

Mama Nyaya akaunda kitufe. Kitufe chenyewe kikafungwa kitandani karibu na mkono wa mama, waya ukapita juu ya mlango hadi sebuleni, kwenye kibao chenye chipu, na mbele ya cherehani akaweka taa ndogo ya kijani. Mama akibonyeza, taa inawaka. Alijaribu mwenyewe, ikawaka. Akamfundisha mama, mama akabonyeza, ikawaka. Jamani, siku hiyo alijiona injinia!

Kesho yake taa haikuwaka hata mara moja, na mama alikuwa chapachapa.

"Mama, kitufe kimekuwaje tena?"

"Ah, mwanangu, vitu vya siku hizi," mama alijibu, akageuzia uso ukutani.

Fundi akasikia alichotaka kusikia: kitufe kibovu. Akabadilisha waya. Akalehemu upya, akaungua kidole. Alipojaribu, taa iliwaka vizuri tu, lakini alipomwachia mama, kimya. Akaenda kwa muuza vitabu, ambaye hakumwonea huruma hata kidogo. "Toleo jipya limeingia juzi," alisema, "lina sura nzima ya vitufe, na kisanduku cha vifaa ndani yake." Akalibeba. Akalisoma huku anapika, mboga zikaungua. Kitabu kilieleza kwamba kitufe hutetemeka kikibonyezwa, chipu ikadhani kimebonyezwa mara nyingi. Haya, akaandika programu upya. Kazi bure. Kwa usingizi akashona sare nzima mikono imegeuka nyuma mbele, akaifumua huku akijilaani.

Mwishoni mwa kitabu akakuta sura ya kumbukumbu. Akaongeza taa nyekundu: kitufe kikiguswa hata mara moja, inawaka na haizimiki mpaka aizime yeye kwa mkono. Sasa mwizi atajulikana, alijisemea.

Mchana ule akamkuta mama amelowa tena. Akarudi mbio sebuleni. Taa nyekundu ilikuwa giza tupu.

Alisimama pale akiiangalia. Waya mzima, chipu nzima, programu nzima. Vyote alikuwa amevihoji kasoro mtu mwenyewe. Na wakubwa walisema kuuliza si ujinga!

Akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, hukibonyezi."

Mama alikitazama kitufe. Kisha akasema, "Nilikibonyeza mara moja. Siku ile ile, ulipokwisha kunifundisha ukaenda kushona. Ukaja. Hukusema neno baya, mwanangu, hata moja. Lakini uso uliokuja nao... Nikasema moyoni, huyu ndiye wa kunizika, nisije nikamzika mimi kwa uchovu."

Yeye alichokumbuka siku ile ni taa kuwaka. Uso wake hakuuona. Nani huuona uso wake mwenyewe? Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Basi nitakuja nikicheka," alisema, akalazimisha tabasamu.

"Toa hilo, linatisha."

Wakacheka, mama akakohoa, na katikati ya kicheko Mama Nyaya akaanza kulia. "Nimechoka, mama. Nimechoka kwelikweli." Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe.

"Najua. Mimi ndiye ninayekuchosha, nikose kujua?"

"Sasa nitanuna. Nitakuja nimenuna. Lakini ukikaa kimya utakufa, na mimi nitabaki na nyaya."

Mama akageuzwa, akafutwa, kidonda kikapakwa dawa, shuka likabadilishwa. Mama Nyaya akarudi kwenye kola zake, mgongo unauma, sare za watu zinangoja.

Alikuwa hajamaliza hata kola moja, taa ya kijani ikawaka.

"Lo! Sasa hivi tu nimekaa!" alisema kwa sauti. Akazima cherehani, akainuka kwa kushika meza, akaenda chumba cha nyuma na uso wake vile vile ulivyo, umekunjamana.

Mama alimtazama usoni. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Lete beseni, mwanangu," alisema. "Bado sijalowa."