Mashine ya Baba Haikuliwa Matangani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mkasi. Baba alinipa shati la mteja nitoe uzi wa kushikiza, ule unaoshika kitambaa kabla hakijapita kwenye mashine. Nikauvuta kwa nguvu za ujinga, nikachana bega. Hakunipiga. Alisema tu, "Bon. Sasa utaanza na kiraka." Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu, na sidhani shule ililia. Basi ushonaji nikauanza hivyo, na kiraka, kwenye baraza yetu mtaa wa Waswahili hapa Muyinga.

Baba hakuandika zaidi ya jina lake. Vipimo aliviweka kwenye kamba ya mgomba, kila mteja na kamba yake. Fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, na mwisho wa kamba ndio urefu wa nguo. Kamba aliifunga kwenye kitambaa chenyewe, akakitupa kikapuni. Nyinyi mnaopiga vipimo picha kwa simu mtacheka. Chekeni, lakini kamba haiishiwi betri.

Nilipokomaa, baba akanipeleka Gitega, kwenye atelie, karakana ya mafundi cherehani, mtaa wa Magarama. Bwana mwenye atelie tulimwita Patroni, Mkongo wa Uvira, Mkristo wa kusali kwa sauti. Yeye alikuwa na mita ya kununua, na kifua alipima mbele tu, maana tulikata kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili. Ukizubaa alikufokea: "We Zaina, iko unashona ao iko unabembeleza kitambaa?" Nilimpenda. Alinifundisha kola, mfuko wa kuficha, na kutomwogopa mteja mwenye cheo.

Vita vikatukuta hapohapo. Asubuhi moja dereva wa lori la chumvi, lililotoka mpakani Kobero likapitia kwetu Muyinga, alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nikajua kabla hajasema.

"Dada, mzee alianguka jana akiwa ameketi kwenye mashine. Hakuamka tena."

Baba hakuwa ameumwa hata kichwa. Patroni alinitoa kitambaa mikononi kama anavyovuliwa mtoto nguo. "Enda. Mzazi haiko komande ya mteja ya kungoja."

Lakini barabara ilingojesha. Magari yalikwenda kwa msafara tu, askari mbele na nyuma, na msafara uliondoka siku ulipotaka wenyewe. Nilifika siku ya tatu. Sisi Waislamu hatulazi maiti, kwa hiyo nilikuta udongo. Sikumwona baba.

Uani palijaa mikeka na watu, na watu wanakula. Mama alikuwa ameingia eda, hatoki ndani. Wadogo zangu wanne walikuwa wamejipanga ukutani. Baba mkubwa, kaka wa marehemu, akaniita pembeni.

"Mashine tumepata mtu wa kuinunua. Tutalisha watu hapa, tutafanya arobaini ya heshima."

"Na baada ya arobaini wadogo zangu watakula heshima?"

"We mtoto, Gitega ndiko wamekufundisha huo mdomo?"

"Hapana, ni wa baba."

Mashine ile ilikuwa shamba letu. Ikitoka mlangoni, watoto wale wangetawanywa kwa ndugu kama vifaranga. Hilo nililiona wazi kuliko kaburi. Nikaenda kwenye kikapu. Vitambaa kumi na kitu, vya wateja waliokuwa wamekwisha kulipa kwa mchele, kwa maharagwe, wengine bado. Nikaketi, nikakanyaga mashine.

Kelele! Kwetu mfiwa hashiki kazi mpaka tanga lianuliwe. Shangazi Mwajuma alisimama na sahani yake mkononi. "Yoo! Udongo wa kaburi haujakauka, na huyu anakanyaga mashine! Hana hata chozi!"

Kweli sikuwa nalo. Mwalimu wa madrasa, aliyekuwa anasoma Kurani pembeni, akainua kichwa. "Muacheni. Kitambaa cha mtu ni amana, na marehemu anaulizwa amana zake. Binti anamtua baba yake mzigo." Baba mkubwa akarudi mkekani kwake.

Nguo ya kwanza ilikuwa gauni la mke wa mwalimu wa shule. Nilisoma fundo la kifua kwa desturi ya Gitega, nusu, nikalizidisha mara mbili. Nikajisemea, vita vinatukondesha sote, huyu mama anakula nini? Mwenye gauni akaja, mwembamba kama mwiko. Nilisahau kwamba baba alikuwa anazungusha kamba mwili mzima! Akalivaa palepale juu ya nguo zake, akamvuta Shangazi Mwajuma ndani yake, wakaenea wote wawili. "Zaina, asante," akasema, "umetushonea matanga yote." Watu wakacheka mpaka mama akachungulia dirishani. Shangazi, kichwa kikiwa ndani ya kola ya mwenzake, akauliza taratibu, "Na kitambaa changu kimo kikapuni?"

Kilikuwemo. Nilivimaliza vyote, na waliokuwa hawajalipa wakaleta maharagwe, mihogo, mafuta ya mawese. Arobaini ilipita na maharagwe, hakuna aliyekufa kwa kukosa pilau, na mnunuzi wa mashine akarudi kwake mikono mitupu. Sikurudi Magarama. Patroni alinitumia mita yake na salamu kwamba kwenye kiti changu amemkalisha mwingine.

Msiniite shujaa. Gharama niliilipa baadaye. Kikapu kilipokwisha, akaja mteja mpya kupimwa. Nikamzungusha kamba kifuani, nikageuka kumuuliza baba kama niongeze vidole viwili. Hapo ndipo nililia, nimemshikilia mwanamke wa watu kiunoni, naye akasimama tu, akaniacha nilie, mpaka bega lake likalowa.

Wadogo zangu wote walikulia kwenye pedali ile. Mmoja leo ni muuguzi, na mjukuu wangu anashona kuliko mimi, sitaki ubishi. Macho yangu yameisha, naketi na kusifu na kutukana. Kwa hiyo nasema nikiwa bado na mdomo: siku yangu ikifika, nililieni, pikeni kitakachokuwemo, mchekeshane. Halafu nendeni mkashone.